Wikiendi ya Kula Bata Bila Kula Bata: Mwongozo Kamili wa Kuwinda kwa Darubini Momella Msimu wa Baridi

Kila mwaka baridi ya mwezi wa saba ikishakolea hapa Chuga, yaani Arusha, simu zinaanza, "kaka, kwa bata tunaenda lini?", na kila mwaka lazima awepo mgeni mmoja, mara nyingi wa kutoka Dar, ambae kasikia "wikiendi ya bata" akaelewa anavyojua yeye, anashuka kwenye basi na raba nyeupe na hela ya bia akijua tunaenda kujirusha. Saa kumi alfajiri anagongewa dirisha, avae masweta mawili tukakae kwenye gari kimya kimya tuangalie ziwa. Wa mwaka juzi alininunia mpaka saa tatu asubuhi, ilipofika saa nne yeye ndo alikuwa kaishika darubini hataki kumpa mtu.

Nimechoka kumwelezea mmoja mmoja, kwaiyo naandika yote hapa kwa mpigo, mtu asome ajipange mwenyewe. Ni wikiendi nzima, Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana, na familia na washkaji, kwenye maziwa ya Momella ndani ya hifadhi ya taifa ya Arusha. Walio Moshi inawahusu vilevile, wao wanaamka mapema kidogo kutuzidi basi.

KWANZA TUELEWANE, HATUUI KITU

Tunawinda kwa macho. Ndani ya hifadhi ya taifa hamna uwindaji, hata njiwa huruhusiwi kumgusa, hata unyoya ulioanguka unauacha pale pale. Na nje ya hifadhi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka uwe na leseni kabla hujawinda mnyama au ndege wa porini, wanaohusika ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kwaiyo ukipita kwenye mashamba ya mpunga huko tambarare ya Moshi ukakutana na kijana anakunyooshea bata pori kafungwa miguu kwa kamba, we pita tu, usije ukaanza kubishania bei.

Lakini mbinu ni za uwindaji kabisa na ndo utamu wake ulipo. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanawinda bata kipindi cha baridi kwasababu maziwa ya kaskazini yakianza kuganda ndege wanashuka kusini kwa makundi, mwindaji anaenda na mbwa na ndugu zake anajificha kwenye matete kabla hakujakucha na chupa ya kahawa. Sisi tumechukua kila kitu, baridi, ndugu, kahawa, kujificha, bunduki tukaiacha. Bata ukimfukuza humpati, unatangulia pale anapotaka kuja alafu unakaa. Ukishika hilo moja, vingine vyote humu ndani ni ufafanuzi wake tu.

UENDE LINI

Mwezi wa saba na wa nane. Mvua za masika zimeisha, madimbwi ya muda yanakauka, ndege wanarudi kwenye maji ya kudumu. Alafu baridi yenyewe inakusaidia, kwasababu siku za joto hewa juu ya maji inacheza cheza, ukiangalia kwa darubini bata anaonekana kama anatetemeka, ila asubuhi ya baridi picha inatulia unaona mpaka rangi ya jicho. Ubaya wake ni wingu. Kuna siku ukungu unalala juu ya ziwa mpaka saa tatu na manyunyu juu, mnakaa hamuoni chochote. Ndo maana nasema wikiendi nzima, siku moja haitoshi, ukungu ukiwanyima Jumamosi asubuhi mna jioni yake.

Kuna watakaokwambia nenda Disemba au Januari. Hawajakosea, ila hiyo ni safari nyingine. Kuanzia kama mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu hivi wanakuwepo wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, akiwemo yule mwenye mdomo kama koleo. Mwezi wa saba hao hawapo, wapo kwao wanalea. Utakaowaona ni wenyeji wetu, na wenyeji wanatosha sana.

WATU NA GARI

Hapa ndo safari nyingi zinaharibika kabla hazijaanza. Noah ina siti nane, watu wanataka waende nane. Usikubali. Ukisimama pembeni ya ziwa, maji yanakuwa upande mmoja, maana yake nusu ya watu wanaangalia kichaka na wanaanza kupigana vikumbo, gari inatikisika, darubini haitulii na ndege wanasogea. Watu watano kwenye Noah, sita kama wawili ni watoto. Mkizidi, tafuteni gari ya pili na msiziongozanishe, kila moja ikae kwenye ziwa lake mkutane saa nne kwenye chai mhadithiane, yaani hapo ndo kunanoga maana kila gari inadai imeona zaidi.

Noah yenyewe inafika, barabara kuu ya hifadhi siyo mbaya, ila njia za kuzunguka maziwa zina mawe na zikilowa zinateleza, gari iliyonyanyuka kidogo itawapa amani. Hakikisha madirisha yote yanashuka. Usicheke, mwaka mmoja tulikodi gari ambayo kioo cha nyuma kimegoma, dada yangu akaangalia bata siku nzima kupitia kioo chenye alama za vidole vya watoto.

Gawa kazi mapema. Dereva kazi yake kuendesha na kuzima injini, basi. Mmoja anaandika. Mmoja anashika chupa za chai, na huyu awe mtu mzima mwenye mamlaka, kwasababu chai ya alfajiri inaisha kimchezo mchezo. Watoto wape kazi ya kuhesabu. Wazee msiwaache nyumbani eti baridi, mama mkwe wangu ana miaka sabini na kitu na hamna mtu kwenye familia anaeona ndege haraka kama yeye, sisi tunahangaika na darubini yeye anasema tu "kuna kitu kimezama pale karibu na yale majani, subirini kitatoka", na kinatoka.

BARIDI USIICHUKULIE POA

Momella iko juu ya mita 1,400, alfajiri ya Julai na upepo ukikatiza ziwani usidanganyike na joto la mchana wa jana. Na mtakuwa mmekaa, hamtembei, mwili haujipashi. Wala usinunue vitu vipya. Nenda Krokoni, au Memorial kama uko Moshi, mitumba ya baridi imejaa na bei inazungumzika.

Vaa nguo nyembamba nyingi, achana na koti moja nene. Fulana, shati la mikono mirefu, sweta, alafu jaketi la kuzuia upepo juu. Jua likitoka unavua moja moja kama kitunguu. Ila kabla hujanunua jaketi likunje kunje sikioni, kuna yale ya nailoni yanayolia "shwaa shwaa" kila ukigeuza mkono, kwenye gari lililozimwa ile ni kelele kubwa. Soksi pea mbili, kofia ya kufunika masikio, gloves za kukata vidole ili uweze kuzungusha darubini. Magotini shuka la Kimasai, moja kwa watu wawili, hilo halina mpinzani.

Watoto wabebe nguo za akiba. Siku zote kuna mmoja atajimwagia chai.

DARUBINI

Nunua au azima iliyoandikwa 8x42. Nane ni mara ngapi inakuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na upana ndo unaoingiza mwanga, alfajiri mwanga ni mdogo. Watu wanakimbilia zile za kukuza mara ishirini wakidhani ndo bora, ukishika mkononi inatetemeka mpaka kichwa kinauma, na eneo unaloona ni dogo kama tundu la ufunguo, bata akisogea umempoteza. Kwa familia ya watu watano darubini mbili zinatosha mkipokezana vizuri. Tatu ni starehe.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema, usiweke darubini karibu na hita ya gari na usiivae ndani ya jaketi. Vioo vinaingia ukungu pale hewa yenye joto na unyevu inapokutana na kioo cha baridi, kwaiyo iache nyuma kwenye buti ipoe sawa na hewa ya nje, na usiihemee. Watu watano wakipumua ndani ya gari lililofungwa madirisha yote yanakuwa meupe dakika tano tu, acha kila dirisha limefunguka kidogo hata kama mnaona baridi.

Kwa wenye kamera, jaza maharage kilo moja kwenye mfuko wa kitambaa, weka juu ya kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu, laza kamera hapo. Inatulia kuliko mkono wa mtu yeyote, na Jumapili maharage mnapika.

Kwenye simu pakua Merlin, programu ya kutambua ndege, ni ya bure, na ushushe kifurushi cha ndege wa huku kwetu ukiwa nyumbani kwenye waifai, kule mtandao unakuja na kuondoka.

CHAKULA NA MAJI

Mtori. Sina maneno mengi. Upikwe Ijumaa usiku, ndizi zipondwe vizuri na nyama ilainike kabisa, umiminwe kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana ukiwa wa moto sana, saa mbili asubuhi unamimina kwenye vikombe hamna kijiko kinachohitajika. Chai ya tangawizi chupa mbili, maandazi, mayai ya kuchemsha. Karanga na bisi hapana, ile mifuko inalia.

Maji ya kunywa beba ya kutosha kutoka mjini, lita tatu kwa mtu kwa siku. Ukanda wote ule kuanzia Maji ya Chai mpaka Ngare Nanyuki una floridi nyingi inayotokana na miamba ya volkano ya Meru, ndo ile inayobadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya kule yanapita hapo kwa mbali. Kuyachemsha hakusaidii, floridi haiondoki kwa moto, maji yakipungua kwa mvuke ndo inazidi kukolea.

IJUMAA USIKU

Lala karibu. Kama bajeti inaruhusu kampu ndani ya hifadhi au nyumba za wageni upande wa Momella, kama hairuhusu basi Usa River. Anaelala Arusha mjini au Moshi anaweza kufika, ila atapishana na ile nusu saa ya kwanza ambayo ndo nzuri kuliko zote. Pakia gari usiku, kila kitu, mpaka viatu viwe mlangoni. Vitambulisho vya NIDA vikae kwenye pochi moja ya mtu mmoja, mwananchi analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni ila lazima uonyeshe, na getini hawapokei keshi, malipo ni kwa kadi au kontroo namba, kwaiyo salio liwepo kwenye simu kabla hujalala.

JUMAMOSI

Amkeni saa kumi. Kutoka Arusha ni barabara ya Moshi mpaka mkipita Usa River, mnakata kushoto kwenda Ngurdoto, wa Moshi ni kama kilomita 60 mpaka hapo na wao wanakata kulia. Muwe mmefika getini kabla hapajafunguliwa. Mkishaingia kuna uwanda wa majani wanauita Serengeti Ndogo, pundamilia na twiga watakuwepo na kila mtu atataka kusimama. Msisimame! Twiga mtawakuta jioni, hawaendi popote. Jua la Julai linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na kutoka geti la Ngurdoto mpaka maziwani ni mwendo wa polepole, mkipiga picha za twiga mmeshachelewa.

Maziwa yapo kadhaa, Momella Kubwa, Momella Ndogo, Tulusia, Rishateni, Lekandiro, El Kekhotoito. Yanalishwa na maji ya chini ya ardhi na kila moja lina magadi yake na mwani wake, ndo maana ukiwa sehemu ya juu unaona hili la kijani lile la bluu kama mtu kamwaga rangi. Wanyama wengi hawayanywi, lakini ndege wa maji wanayapenda maana kuna chakula kibao.

Sasa usimame wapi. Hapa soma polepole.

Asubuhi jua linatoka mashariki. Ukiwa upande wa magharibi wa ziwa unaangalia jua, bata wote wanaonekana vivuli vyeusi, huwezi kutofautisha hata bata na kipande cha gogo. Kwaiyo kaa upande wa mashariki, jua liwe mgongoni, na Meru ikifunguka ipo mbele yenu na mita zake 4,500 na ushee, nayo inapendezesha. Lakini kuna la pili ambalo ndo siri yenyewe, msimu huu upepo mwingi unatokea kusini mashariki. Bata hapendi mawimbi, anasogea ufukwe ule upepo unakotokea kwasababu maji ya pale yamekingwa na nchi kavu yametulia. Na akitua au akipaa anaelekeza uso upepo unakotoka. Unganisha sasa, ufukwe wa mashariki na kusini mashariki una mwanga mzuri, una maji yaliyotulia, una bata waliojikinga, na wanaotua wanatua wakija uelekeo wako. Mi miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nasimama popote penye kivuli alafu nalalamika bata wako mbali.

Mkifika, punguza mwendo mita mia kabla, ingia polepole, simama, zima injini, na gari isisogezwe tena. Hamna "rudi nyuma kidogo nione". Milango isifunguliwe. Gari ndo kificho chenu, ndege wamezoea umbo la gari, wanachoogopa ni umbo la mtu aliesimama, na kwa hapa kuna sababu nyingine ya kubaki ndani, nyati ni wengi sana kwenye vichaka vya pale na nyati hana utani. Kushuka ni kwenye sehemu zilizoruhusiwa tu, na ukitaka kutembea kwa miguu kuna askari wa hifadhi wenye silaha wanaokupeleka, ulizia getini.

Alafu kaeni. Dakika arobaini na tano bila kuhama. Dakika kumi za mwanzo ndege wote wako katikati ya ziwa, watu wanaanza "hamna kitu hapa twende kule". Dakika ya ishirini wanaanza kurudi. Dakika ya thelathini kuna bata anapita chini ya pua yako na vifaranga. Safari yetu ya kwanza tulifika saa nne na shemeji yangu akashuka akafunga mlango "PAAH" kama anafunga kontena, ziwa zima likanyanyuka, mpaka leo akifunga mlango wowote, hata wa friji, watoto wanamwambia "shemeji bata!"

KUWATAMBUA

Usianze na kitabu, anza na swali moja, huyu anainama au anazama? Wapo wanaoinamisha kichwa mkia juu, mwili unabaki juu ya maji, hao wakistuka wanaruka wima kutoka pale pale. Na wapo wanaozama mzima mzima wanaibukia mita kumi mbele, hao wakitaka kupaa lazima wakimbie juu ya maji kwanza kama ndege ya abiria. Ukishajua hilo umeshapunguza nusu ya majina.

Wa kwanza mtakaemsikia ni bata bukini wa Misri, mkubwa, wa kahawia, ana miwani ya kahawia machoni, wanakaa wawili wawili wakigombana na kila mtu. Akiruka mabawa yana baka jeupe kubwa. Watoto wanamuelewa haraka, tumempa jina la jirani yetu mmoja sitamtaja.

Yule wa kijivu hafifu mdomo wa pinki, huyo ni wa maji ya magadi hasa, akikaa kwenye mwanga wa asubuhi anaonekana kama kapakwa majivu. Mwenye kofia nyeusi, mashavu meupe na mdomo mwekundu wanamchanganya na mdogo wake mwenye mdomo wa bluu, angalia rangi ya mdomo basi. Mwenye uso mweupe na shingo ndefu anapiga mluzi, kweli mluzi wa sauti tatu, unaweza kumsikia usiku mkiwa kampu mkadhani kuna mtu anaita mbwa.

Kwa wanaozama, kuna dume la kahawia iliyoiva lenye jicho jekundu, jike lake lina alama nyeupe usoni kama mwezi mchanga. Na kuna huyu ambae ndo sababu ya safari yote kwa upande wangu. Kwa Kiingereza wanamuita Maccoa. Dume lake likiwa kwenye msimu wake lina mwili mwekundu wa kahawia kama udongo wa Marangu, kichwa cheusi, mdomo wa bluu ambayo huamini ni ya kweli, na mkia mgumu anausimamisha wima. Yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, na sisi tunae hapa, mwendo wa saa moja tu kutoka stendi. Anakaa chini sana majini na anazama bila kuaga, unaweza kumpita mara tano. Kuna mwaka tulikaa wikiendi nzima hatukumuona, tunafunga mabegi Jumapili ndo mama mkwe akasema "na yule mwenye mdomo wa bluu mlishamuandika?" Alikuwa kamuona jana yake, alidhani sote tumemuona.

Wawili siyo bata, msiwaandike. Mweusi tii mwenye paji jeupe la uso, na kale kadogo ka mviringo kanakozama zama kama kizibo. Kila mwaka mtu anabishana, ila angalia mdomo, una ncha kama wa kuku, haujalala bapa.

Kuhesabu kundi kubwa usihesabu mmoja mmoja, hesabu kumi, angalia kumi wanachukua nafasi gani kwenye macho yako, alafu pima hiyo nafasi inaingia mara ngapi kwenye kundi. Watoto wawili wahesabu bila kuangaliziana, mkikaribiana andikeni. Na kama flamingo wapo, wataharibu hesabu zote, waache wahesabiwe na anaewapenda.

Saa nne mpaka saa tisa bata wengi wanalala, kichwa mgongoni, hamna cha maana. Huo ndo muda wa mtori kwenye sehemu za kupumzikia, twiga, mbega msituni, kreta ya Ngurdoto unayoiangalia ukiwa ukingoni juu, au kupiga kasia Momella Ndogo kwa wenye moyo. Mchana watu wapate usingizi pia. Saa kumi jioni rudini maziwani ila mpindue kila kitu, jua sasa liko magharibi kwaiyo na nyie muwe magharibi, na mtoke mapema, geti halisubiri mtu.

JUMAPILI, BATA WA KULIWA

Familia imeamka alfajiri siku mbili, imekaa kwenye baridi, imetazama bata mia kadhaa bila kuonja hata mmoja. Lazima muwape bata. Wa kufugwa.

Soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, kwaiyo ambae hajaja ziwani atumwe Jumamosi. Anunue bata wa kawaida wa huku kwetu, yule mwenye nyama nyekundu usoni asielia, anapumua tu "hhhh". Mchanga, wa miezi minne mitano, mdomo bado laini na kucha hazijachongoka. Dume zee ni zuri kwa macho, sufuriani utachoma gunia la mkaa. Na achinje Mwislamu, ili wote mezani wale bila mtu kuuliza uliza.

Kunyonyoa ndo mtihani. Manyoya ya bata yana mafuta, maji hayaingii, watu wanammwagia maji yanayochemka ngozi inaiva na kuchanika huku manyoya yapo pale pale. Maji yawe ya moto usioweza kuweka mkono lakini yasiwe yanatokota, weka sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, mzamishe dakika mbili tatu ukimzungusha na kusugua kinyume na manyoya ili maji yafike chini. Vuta yakiwa bado ya moto. Yale malaika madogo yanayobaki babua kwenye moto, alafu osha vizuri sana sabuni yote itoke. Kabla ya kukata, geuza mkiani juu, kuna tezi ya mafuta kama punje ya harage, ikate yote na nyama kidogo ya pembeni. Ukiiacha, bata wote ananuka na mtu atasema "ndo maana sipendi bata".

Mkate vipande vikubwa, bandika na tangawizi nyingi iliyopondwa, vitunguu saumu, chumvi na limao, moto mdogo, saa moja na nusu kwa mchanga. Toa yale mafuta yanayoelea juu uyaweke kwenye bakuli. Nyama ikishalainika itoe ikauke, ndo ipande jikoni kwenye mkaa, na mkaa usogeze pembeni pembeni usiwe chini ya nyama moja kwa moja, mafuta ya bata yakidondoka moto unalipuka nje kunakuwa masizi ndani bado. Dakika kumi kila upande mpaka ngozi ilie ukiigonga na kisu.

Supu iliyobaki pikieni ndizi. Ugali, kachumbari yenye pilipili, na daftari la hesabu lisomwe mezani kwa sauti, hapo ndo ugomvi wa nani kaona nini unamalizwa. Yale mafuta kwenye bakuli mfungie mgeni wa Dar kwenye chupa ya jamu abebe, akakaangie viazi huko kwao, ila mwambie kabisa aishike mkononi asiweke kwenye begi, maana joto la Dar litayayeyusha kabla hajafika nyumbani.